Herufi Nne za Masika

Niliandika NAISI.
Herufi tano, nyekundu, zenye kivuli cha njano,
kila moja upana wa kiganja changu,
juu ya bati nililolipiga msasa asubuhi nzima
pale Birere, ubavuni mwa duka la misumari.

Masika akaja na mwavuli wake,
akainamisha kichwa upande
kama mtu anayeonyeshwa mtoto asiye wake.
"Papa Sivihwa, hii haiko yenyewe."
Akatoa simu. Kaka yake yuko Kampala,
ameandika: N, I, C, E.
"Herufi ine tu. Mbona uliniongezea?"

Mama, nikasema, mimi naandika ninachosikia.
Sikio langu na mkono wangu walisoma darasa moja.
Hiyo C yako nimwambie mteja aisomeje?
Na hiyo E ya mwisho, iliyokaa kimya,
inakula rangi ya bure
kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja.

"Andika tu. Wanaojua watajua."

Basi nikasugua. N peke yake ilinusurika.
Kufika jioni kibao kiko juu ya mlango wa saluni
na mji mzima unakisoma.
Kijana wa chukudu, na magunia yake ya viazi,
akasoma Nisi: "Ni mji wa Wafaransa, uko baharini."
Mwingine akasoma Niche.
Mtoto anayeuza viatu akasoma Naiki,
akauliza kama wamepokea namba arobaini na mbili.

Ndipo Buunda wa vocha,
aliyefundisha Kilatini miaka mitatu
kabla mapadri hawajalifuta somo,
akainuka kwenye kiti chake cha plastiki.
Alikuwa akingoja tangu siku hiyo mtu amuulize kitu.
Hakuna aliyemuuliza. Akasema hata hivyo:

lilizaliwa Roma, likiitwa neskius,
yaani asiyejua.
Wafaransa wa kale wakalilea, likawa mpumbavu.
Likavuka maji kwenda kwa Waingereza
na upumbavu wake mfukoni,
huko likawa mwoga, likawa mdekaji,
likawa mtu wa kuchagua mboga jani kwa jani,
likawa fundi wa kupima hadi unene wa unywele,
na mwishowe, limechoka,
likakubali kuwa zuri tu.
Zuri la chai, zuri la kiatu, zuri la mchumba.
Wafaransa wenyewe wamelisahau.

Usiku sikulala vizuri.
Mbingu juu ya Nyiragongo ilikuwa nyekundu,
nyekundu ile ile ya kopo langu.
Nimemwandikia mama wa watu ujinga juu ya mlango!
Asiyejua maana haambiwi maana, walisema,
lakini mimi sasa naijua,
na ngazi ni yangu.

Ukuta wa saluni ni wa jiwe jeusi.
Jiwe hilo nalikumbuka likitembea.
Lilishuka barabarani polepole, kama mtu mwenye haki yake,
likala nyumba ya shangazi na mashine yake ya kushona.
Tukalikimbia. Likapoa. Tukarudi na nyundo.
Leo misumari ya vioo imepigwa humo,
na hakuna anayeliita moto.

Asubuhi nikamweleza Masika.
Alikuwa na kichwa cha bibi harusi kati ya magoti,
kitana mdomoni.
"Kumbe lilikuwa jinga?"
Ndiyo.
"Likatembea mpaka likawa zuri?"
Ndivyo asemavyo Buunda.
Akavuta uzi, bibi harusi akalia kidogo.
"Kichwa cha kwanza nilichosuka, papa,
mwenyewe alitoka akafunga kitambaa mwezi mzima.
Liache hapo hapo."

Kisha akahesabu franka, akalowesha kidole, akahesabu tena.
Akanilipa herufi tatu.
Ile ya mwisho, akasema,
nilimwambia mwenyewe haisemi kitu.